Hodi kwa Somoe

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa glavu, barakoa, koti la plastiki lenye mikono mirefu kuliko yangu, na onyo moja. Msimamizi wa Zamu, bwana mmoja mrefu asiyetoa kalamu sikioni, alinisimamisha mlangoni mwa banda la wanyama la uwanja wa ndege, upande wa Euless, akaniambia kwa Kiingereza cha polepole kama anayemwelekeza mtoto, "Hapa hatuwapendi wala hatuwachukii. Hapa tunawapitisha." Nikaitikia. Nilikuwa mgeni Texas, cheti changu cha afya ya mifugo nilichokihangaikia Mombasa hakuna aliyekitazama mara mbili, na nilikuwa nimechoka na kazi yangu ya awali ya kupanga trei za chakula cha abiria. Angeniambia nipitishe simba ningepitisha simba.

Banda lile lilikuwa la karantini, yaani mnyama akitoka nchi ya nje hutengwa pale mpaka madaktari wajue hakuja na maradhi. Tulipokea farasi wa matajiri, mbwa wa kila namna, njiwa wa mashindano, samaki wa mapambo ndani ya mifuko ya maji. Kazi ilikuwa kusafisha, kulisha, kupima joto, kuandika, kisha kusafisha tena. Vijana wetu wengi leo wako huko huko Euless kwenye maghala ya mizigo, na wakinikuta harusini huanza, "Bi Rukia, ati wewe ulikuwa ukilea kasuku?" huku wakicheka. Ndiyo, nililea kasuku. Nawaandikia ninyi mnaocheka, na nataka mkimaliza kusoma mkasirike kama mimi.

Siku hiyo hiyo ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa choo kiko wapi, Afisa wa Wanyamapori aliingia na boksi refu lililotoka Amerika ya Kusini. Karatasi zake zilisema ni mabomba ya plastiki ya kupambia bustani. Mpakuaji mmoja wa mizigo alikuwa amesikia kitu kinakwaruza ndani. Tukakata ncha za mabomba, na kila bomba likatoa soksi ya mtoto mchanga, na ndani ya kila soksi mlikuwa na kinda wa kasuku, uchi, hajaota nyoya hata moja, macho hayajafumbuka. Wote walikuwa wamekufa isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa akihema, shingo imepinda, mdomo ameuachama akingoja mama yake.

Damu yangu bado huchemka nikikumbuka zile soksi. Mtu mzima na akili zake amekaa kitako akapima bomba, kisha akaenda dukani akasimama mbele ya nguo za watoto na akachagua saizi. Huyo si mtu aliyepitiwa na shetani kwa dakika moja. Huyo ni mtu aliyepanga. Na baadaye nilisikia kwamba abiria aliyekuja na boksi lile alisema si lake, alibebeshwa tu, akaachiwa akaenda zake.

Yule aliyebaki hai niliachiwa mimi, kwa kuwa wengine walikuwa wakienda nyumbani. Kinda mdogo namna ile hulishwa kwa sindano isiyo na ncha, uji laini wa vuguvugu, kidogo kidogo, huku ukitazama kifuko cha chakula kilicho shingoni kisijae kupita kiasi, maana uji ukiingia njia ya hewa umeshamuua. Nilimlisha hivyo siku baada ya siku, na nikamwita Somoe, jina la shangazi yangu ambaye naye alikuwa hashibi. Msimamizi wa Zamu akanisikia. "Nilikwambia nini?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba nampitisha kama alivyoagiza, ila nampitisha na jina lake. Alitikisa kichwa akaondoka, na sikumsikia tena akilitaja jambo hilo.

Manyoya yalipoanza kuota ndipo Afisa alipothibitisha ni ndege gani: kasuku wa koo la buluu, wa Bolivia. Ni kasuku mkubwa, urefu wake kama mkono wa mtu kuanzia bega. Mgongo ni buluu ya bahari ya asubuhi, tumbo ni njano iliyoiva, na pale kooni ile buluu huteremka kama kashida. Shavuni ana ngozi nyeupe tupu, na juu ya ngozi hiyo mna mistari ya vijinyoya vidogo vya buluu. Mistari hiyo hakuna wawili wanaofanana, ni kama alama za vidole vyetu. Somoe shavu lake la kushoto lilikuwa na mstari uliokatika katikati kisha ukaendelea, mithili ya barabara yenye kivuko. Nilikuja kumshukuru Mungu kwa mstari ule.

Ndege wa magendo akishakamatwa harudishwi tu alikotoka. Hupelekwa mahali panapokubali kumlea. Aliyekuja kumchukua Somoe alikuwa mwanamke wa makamo mwenye buti za wachunga ng'ombe na shamba magharibi mwa Fort Worth, ambako alikuwa akizalisha kasuku walio hatarini kutoweka. Sisi wote tulimwita Daktari, kwa kuwa ndiyo kazi aliyosomea, udaktari wa wanyama. Alinitazama nikimlisha mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama ninaweza kuamka mapema. Nikamwambia mimi ni Mwislamu, mapema huniamsha Mungu mwenyewe. Mwezi uliofuata nikaacha kazi ya uwanja wa ndege, nikawa nalala Arlington na kushinda shambani kwa Daktari.

Kule shambani nilikutana na Papa Dieudonné, mkimbizi kutoka Kongo aliyeletwa Fort Worth na watoto wake. Mchana alilisha ndege, jioni alikwenda ghalani kupakia mizigo. Kiswahili chake na changu viligombana wiki ya kwanza, kisha vikazoeana. Yeye ndiye aliyenionyesha vizimba vyote. Vilikuwa virefu, vya waya, kila kimoja kwa mke na mume, na ukutani sanduku la mbao la kutagia lenye tundu la kuingilia. Somoe alipokua akawekewa dume wa jamii yake, tukamwita Bwana tu. Hawa kasuku wakishaelewana ni ndoa ya maisha. Wanakula bega kwa bega, wanachambuana manyoya, na mmoja akiondoka tu kidogo mwingine hupiga kelele mpaka majirani wa shamba la pili wakasikia.

Wakati huo ndipo alipotutembelea Mtafiti wa Beni. Beni ni jimbo la Bolivia, ndiko peke yake duniani kasuku huyu anakoishi porini, na Mtafiti alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini aliyezaliwa huko. Alituketisha kivulini mwa banda la kuku akatueleza. Ni nchi ya nyasi tambarare, mvua ikinyesha inageuka bwawa, na palipoinuka kidogo ndipo miti inapobaki kama visiwa. Ndani ya visiwa hivyo mna mti uitwao motacú. Papa Dieudonné alipouona pichani alisema huu ni mchikichi, ndugu yake kabisa wa kwao. Matunda yake ndiyo chakula cha kasuku hawa, na mchikichi mzee ukishakufa, kichwa kikaanguka na shina likabaki wazi juu, ndimo wanamotaga. Mayai mawili, pengine matatu. Mama huatamia karibu mwezi mzima, baba humletea chakula, na makinda hukaa na wazazi mwaka mzima wakijifunza wapi pa kula na nani wa kumkimbia.

Mtafiti alisema adui zao ni wengi, lakini wa kwanza ni sisi. Wawindaji waliwakamata kwa ajili ya sebule za watu, nyingi zikiwa za huku huku Marekani na Ulaya, mpaka visiwa vikanyamaza. Wengine waliwaua kwa manyoya ya taji za ngoma, ingawa siku hizi, alisema, wachezaji wengi wamekubali manyoya ya bandia na anajivunia hilo. Wenye ng'ombe huchoma nyasi kila kiangazi, na ng'ombe hula miche ya mchikichi, kwa hiyo miti mizee inakufa na mipya haioti. Kisha akasema jambo lililonikaa rohoni. Alisema kasuku hawa walio ndani ya vizimba vya dunia ni wengi kuliko waliobaki porini. Hebu fikirini. Tumewapenda mpaka tumewamaliza kwao.

Nilimuuliza, basi si wakafunguliwe warudi? Akacheka bila furaha. Aliyelelewa kwa mkono wa mtu, alisema, hawezi kurudi. Kinda hushika sura ya yule anayemlisha. Somoe alishika yangu. Yeye hatarudi Beni, lakini watoto wake, kama atawalea mwenyewe bila mkono wa mtu kuingia, wanaweza. Tangu siku ile hilo ndilo nililolitaka katika kazi yangu, watoto wa Somoe waone Beni. Mshahara wangu ulikuwa mdogo na sikuwahi kuulalamikia.

Lakini Somoe alikuwa akivunja mayai. Mfanyakazi akifungua mlango wa waya ghafla, yeye hushtuka ndani ya sanduku, hujitupa huku na huku, na mayai yakapasuka. Mara mbili ilitokea hivyo. Daktari akaanza kufikiria mashine ya kuangulia, na mashine maana yake sindano, na sindano maana yake mkono wa mtu. Mimi na Papa tuliopewa kizimba kile tulikuwa na mazoea yetu tu. Huingii kwa mwenyewe bila kubisha hodi. Sikufanya hivyo kwa utaalamu wowote, nilifanya kwa sababu mama yangu angenipiga kofi. Nilisimama nje nikasema hodi, nikangoja. Papa akija naye, hodi. Somoe akawa anatoa kichwa kwenye tundu la sanduku, anatutazama, anateremka taratibu. Baada ya muda akaanza kujibu mwenyewe, kwa sauti ya kukwaruza kama ya bibi mvuta tumbaku: "Karibu."

Tulikubaliana sheria. Akijibu, tunaingia. Hodi ya tatu ikipita hajajibu, tunageuka na ndoo zetu tunarudi baadaye. Daktari alinikuta siku moja nimesimama nje juani na ndoo, akaniuliza nangoja nini. "Hajanikaribisha," nikamwambia. Alisimama nami. Somoe alipoitikia, Daktari akachukua chaki akaandika mlangoni, kwa herufi kubwa, neno HODI, na kuanzia siku hiyo kila mfanyakazi wa shamba lile, Mmarekani na Mmeksiko, alibisha hodi kwa kasuku wote. Msimu uliofuata Somoe aliangua makinda wawili na akawalea mwenyewe na mumewe. Papa Dieudonné alinifuata getini akaniambia, "Mama Rukia, ile mama sasa iko mama." Nililia ndani ya gari mpaka nikashindwa kuondoka.

Makinda hawa hatukuwasemesha wala kuwagusa. Chakula kiliingia kwa kidirisha cha kuteleza ili wasione mkono. Mtafiti alipewa habari, akapanga kuja wakishakomaa awapime. Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi. Mtu asiyejulikana husimama katikati ya kizimba na kunyoosha mkono. Kasuku wa porini hupanda juu kabisa na kupiga kelele. Akifanya hivyo, huenda Bolivia. Akikaa pale pale, haendi.

Ndipo Daktari akaugua. Alikuwa peke yake, hana mtoto wala ndugu wa karibu, na shamba lilimshinda. Bustani moja ya ndege ya watu binafsi huko Houston ilichukua ndege wote na wafanyakazi waliokubali kuhama. Mimi na Papa tulikubali. Nilikodi chumba Houston, kwenye joto lile la kunata linalofanana na la kwetu, na mwisho wa wiki nilirudi Arlington kwa mabasi. Sikuhamia kwa ajili ya Houston. Nilimfuata Somoe na wale makinda.

Mkuu wa bustani ile tulimwita Mkurugenzi. Alikuwa mtu wa tabasamu, wa kushika mabega ya watu, na sijawahi kumwona amebeba ndoo. Mkutano wa kwanza alitueleza kwamba atajenga jumba la kioo lenye maporomoko ya maji ambamo wageni watatembea katikati ya ndege. Nikanyanyua mkono nikamkumbusha makinda wa Beni. Akasema bila shaka, hao ndio fahari yetu, watakaa nyuma, mbali na watu, kizimba kitafungwa. Na kweli kilifungwa. Nilishika ufunguo mmoja, Papa mmoja, yeye mmoja.

Jumatatu moja nilifika kazini nikakuta maganda ya jozi sakafuni, ndani ya kizimba cha makinda. Jozi ni zile njugu zenye ganda gumu kama mbao, na sisi hatukuwa tukiwapa. Nikamwita Papa, akaapa si yeye. Jumatatu ya pili, maganda tena, na glasi ya mvinyo imesahauliwa juu ya ukingo. Nilikwenda ofisini na ile glasi mkononi. Mkurugenzi hata hakuona haya. Alisema wafadhili walikuja Jumamosi kula chakula cha jioni, wakataka kuwaona ndege wa Bolivia, wakawapa njugu kidogo. Nilimwambia anajua kipimo ni nini, ameelezwa na Mtafiti mwenyewe. Akanishika bega.

"Rukia, watu hawatoi pesa kwa kitu wasichoweza kukigusa."

Nikautoa mkono wake begani kwangu. Nikaenda nikanunua kufuli yangu mwenyewe, nikarudi kule nyuma nikaifunga. Jumatatu ya tatu kufuli imekatwa na maganda yametapakaa kila mahali. Papa aliyafagia yote, kisha akaiokota ile kufuli akaitia mfukoni. Sisi tulikuwa tukijinyima hata kupiga chafya mbele ya wale ndege, na hawa wanawalisha viganjani wakipigwa picha.

Mtafiti alikuja. Alitoka Beni kwa ndege tatu, masikini, amebeba begi moja na koti la mvua. Sisi wote tulisimama nje ya wavu, yeye akaingia peke yake, akasimama katikati, akanyoosha mkono. Nilishika nguzo. Nilikuwa nikisema moyoni pandeni, pandeni juu, pigeni kelele. Yule mkubwa wa makinda alikiinamisha kichwa, akamtazama, akasema wazi kabisa kwa sauti ya mama yake, "Karibu." Kisha wote wawili wakateremka, mmoja akamtua mkononi, mwingine begani, wakaanza kumpekua vidole wakitafuta njugu.

 Kisha Mkurugenzi akakohoa akatoa maelezo yake, na hapa ndipo hasira zangu zilipo mpaka leo. Alisema kwa masikitiko makubwa kwamba kosa ni la lugha. Wafanyakazi wa Kiafrika wana mila ya kusalimia milangoni, ni mila nzuri sana, lakini wamewafundisha ndege kuongea, na ndege anayeongea si wa porini tena. Alisema hayo mbele yangu na mbele ya Papa Dieudonné, huku maganda ya Jumamosi yakiwa bado yamekwama chini ya mlango.

Nilisema, na nilisema kwa sauti. Nilimweleza Mtafiti habari za jozi, mvinyo, kufuli na picha, yote, na Papa akatoa mfukoni kufuli iliyokatwa akamwonyesha. Neno lile, nikasema, makinda wamelisikia kwa mama yao, hakuna mtu aliyewatamkia. Mtafiti alinisikiliza mpaka mwisho, bado kasuku wako juu yake, hawataki kuondoka.

"Neno wangelisahau," alisema. "Mkono hawausahau." Kisha akamtazama yule aliyekuwa begani. "Huko kwetu, mtu anayeukaribia mti wao hajaja kusalimia."

Basi ikaishia hapo. Mnangoja niwaambie kwamba Mkurugenzi aliaibika, au alifukuzwa, au gazeti liliandika. Hakukuwa na lolote. Mtafiti alipanda ndege zake tatu akarudi Beni mikono mitupu. Mkurugenzi alisikitika mpaka saa ya chakula cha mchana, kisha akaagiza makinda wahamishiwe kwenye jumba la kioo, ambalo wakati huo lilikuwa limekamilika na lilihitaji ndege wa kutua mikononi. Mlangoni akaweka bango kubwa lenye picha ya kasuku wa koo la buluu, na maandishi kwamba ndege hawa wanakukaribisha kwa Kiswahili. Mila yetu iliyokuwa kosa siku ya kipimo, mwezi uliofuata ikawa tangazo. Ala! Mtu atakutukana kwa adabu yako, kisha aiuze?

Somoe alitaga tena. Nilikuwa na tumaini, sitaficha. Agizo likaja kwamba mayai yachukuliwe yapelekwe kwenye mashine, makinda walelewe kwa sindano ili wawe wapole kwa wageni. Aliyeambiwa akayachukue ni mimi, kwa kuwa mimi ndiye Somoe aliyenikubalia kuingia. Waliujua wema wake kwangu ndipo wakautaka uwe mtego. Nilivua koti la kazi nikaliweka juu ya meza ya Mkurugenzi. Watu huniuliza nilistaafu nikiwa na umri gani, kama kwamba ni umri ulionistaafisha. Papa Dieudonné alitoka nami siku hiyo hiyo, na watoto wake wote walikuwa bado shule.

Sasa niko Arlington. Asubuhi vituo vya nyaya za umeme karibu na kwetu hujaa kasuku wadogo wa kijani waliotoroka vizimbani zamani, wamejenga viota vyao juu ya milingoti, hawaombi ruhusa ya mtu. Huwatazama nikinywa chai nikawafurahia. Lakini wale hawako hatarini. Nawaambia ninyi mnaofanya kazi kwenye mizigo kule Euless, boksi likikwaruza, fungua. Usiseme si kazi yangu. Usiseme tunapitisha tu. Na mkija kualikwa mahali mkaambiwa lipa umguse ndege adimu, umpige picha na umpe njugu, jiulizeni ni nani aliyemnyang'anya ili ninyi mfurahi.

Mwaka jana binti yangu Zuhura, aliye muuguzi hapa Arlington, aliona nimekonda kwa mawazo akaamua kunipeleka Houston nikamwone Somoe. Nilikataa, akasisitiza, akanunua tiketi za bustani. Tukaenda. Bustani ilijaa watu siku ile, na mlango wa jumba la kioo ulikuwa ukifunguka wenyewe kila mtu akisogea, haungoji chochote. Nikasimama pembeni yake nikachungulia. Wale makinda wake, wakubwa sasa, walikuwa wakipita kutoka mkono hadi mkono. Na karibu na mlango, juu ya gogo la saruji lililopakwa rangi ya mchikichi, alikuwapo Somoe. Nilimjua kwa mstari wa shavuni. Kifuani alikuwa amejinyofoa manyoya mpaka ngozi, jambo ambalo kasuku hufanya akikosa raha. Mumewe, Bwana, hayupo. Kijana wa bustani aliniambia walimpeleka mji mwingine, akaniambia kama anayezungumzia kiti.

Kila mlango ulipofunguka, Somoe alisema karibu. Mtu akiingia, karibu, na njugu ikadondoka kwenye kikombe chake. Akiingia mwingine, karibu. Mtoto akicheka, karibu, karibu. Alikuwa akilisema bila kumtazama mtu, na hakuna aliyekuwa amebisha.

Nilivua barakoa yangu ya safari aone uso wangu. Nikasimama nje ya kizingiti nikasema kwa Kiswahili, kama nilivyomwambia miaka yote, "Hodi."

Akanyamaza. Watu waliingia, mlango ukafunguka na kujifunga, njugu hazikudondoka, yeye kimya. Aligeuza kichwa akanikazia jicho moja, lile la upande wa mstari. Nikasema hodi ya pili. Akajisogeza juu ya gogo, akaja mpaka ukingoni. Nilijua amenijua, hilo halinipi shaka hata chembe. Nikasema hodi ya tatu. Alinitazama tu. Hakusema neno.

Nikageuka. Zuhura alikuwa na tiketi mkononi, hajaelewa. "Mama, tume-drive kutoka Arlington asubuhi yote," akasema. "Huingii?"

"Hajanikaribisha," nikamwambia.

Alitaka kubisha, kisha akanitazama usoni akanishika mkono. Tukaanza kurudi kwenye gari. Nyuma yetu mlango uliendelea kufunguka na watu wakaendelea kuingia.